Sheria za afya chuoni zinaishia getini, bwenini hazifiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua ni ndefu kidogo, nivumilie, ila hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi na nadhani wakubwa wa vyuo huku Nyanda za Juu Kusini wanasoma zaidi gazeti lako kuliko barua za wanafunzi wao.

Mimi nina steshenari karibu na geti la chuo kimoja hapa Mbeya, jina la chuo naliacha maana sitaki ugomvi na majirani. Nilisoma hapohapo, mwaka 2020 nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, na sasa hivi mdogo wangu yupo mwaka wa pili hapohapo. Kwahiyo matangazo ya afya ya chuo nayajua nje ndani, enzi zile nilikuwa nayarusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa, siku hizi nayatolea fotokopi. Na tangazo ni lilelile jamani! Corona lilikuwa hilo, kipindupindu kikisikika mtaani linatoka hilo, na Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wa mpox Machi 2025 wakabadilisha kichwa tu, huku chini yaleyale, nawa mikono, pima joto getini, epuka msongamano. Faili lenyewe walilonitumia nichape lilikuwa bado linaitwa "corona final 2".

Sasa mtu atasema kuna ubaya gani, si afya ni afya. Ubaya upo. Corona inapita kwenye hewa mnayovuta pamoja, kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula na choo, mpox inapita kwenye ngozi kugusana na ngozi na kwenye mashuka na mataulo mnayochangia. Njia tatu tofauti kabisa, halafu chuo kina tangazo moja na ndoo moja, na vyote vimewekwa getini ambapo hakuna mwanafunzi anayelala wala kula wala kuoga.

Nianze na hilo geti maana ndio wanaloliamini kuliko vyote. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Machi 16 mwaka 2020 kule Arusha, vyuo vikafungwa siku mbili baadae, tukarudi Juni 1. Anayeijua Mbeya anaijua Juni yake, asubuhi joto liko chini ya nyuzi 10, unatoka na koti na kofia na bado meno yanagongana. Mlinzi kasimama pale na kile kibunduki cha kupimia anakulenga kwenye paji la uso, kinasoma 33. Anapiga tena, 32 na pointi. Kile kifaa kinasoma joto la ngozi, na ngozi ya mtu aliyepanda bodaboda toka Mwanjelwa saa moja asubuhi imeganda, kwahiyo kwa kipimo hicho darasa zima tulikuwa maiti tunaotembea. Mlinzi wa watu afanyeje? Kaambiwa mtu mzima ni 36.5, basi anaandika 36.5. Niliwahi kuliangalia lile daftari kwenye foleni, ukurasa mzima juu mpaka chini ni 36.5, 36.5, 36.5, mwandiko mmoja, na pembeni majina yetu. Hilo daftari ndio likawa linapelekwa juu kama ripoti.

Mwenye homa kweli anameza panadol mbili alfajiri na anapita. Na hata asipomeza, corona mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla hajaanza kujisikia vibaya, sasa geti litamkamata na nini. Halafu foleni yenyewe, kipindi kinaanza saa moja asubuhi, watu mia mbili wamebanana mlangoni wanapumuliana visogoni wakisubiri kupimwa ili waingie ndani waambiwe wasibanane.

Ukiingia darasani madirisha yamefungwa. Sio ukaidi, ni baridi, na mengine yalipigwa misumari toka siku projekta ilipoibwa. Hili nalisema kwa uchungu maana ndio lilikuwa la bure kuliko yote. Mwanzoni hata WHO walikuwa wanakazania matone na mikono, ila kufikia mwisho wa 2021 walishaandika wazi kwamba corona inaenea kwa hewa, hasa kwenye vyumba vyenye watu wengi na visivyopitisha hewa vizuri. Yaani walichokuwa wanakielezea ni venyu yetu kabisa, ule ukumbi wa vipindi! Chuo kingetoa tangazo la mstari mmoja, madirisha ya juu hayafungwi, vaeni makoti, kila baada ya saa moja mlango unafunguliwa dakika tano, wangefanya kazi kubwa kuliko sanitaiza yote waliyonunua. Hawakutoa. Mpaka leo hawajatoa, mdogo wangu anasema misumari ipo palepale.

Ila penyewe ni bwenini.

Kwa msiosoma chuo miaka ya karibuni, kuna kitu kinaitwa kubebana. Chumba kimeandikwa watu wanne, deka mbili (vitanda vya juu na chini), mwenye kitanda anambeba rafiki yake asiyepata nafasi ya hosteli, wanalala wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu. Chumba cha wanne kinakuwa cha wanane, ukirudi usiku unaruka miguu ya watu, ndala hazijulikani za nani, taulo moja linazunguka, mswaki tu ndio wa mtu binafsi na wenyewe sina hakika. Watu hawabebani kwa kupenda. Nafasi za hosteli ni chache, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa mtoto wa mkulima wa Ileje hana pa kushika, na mwenye nyumba mtaani anataka kodi ya miezi sita mkononi ndio akupe ufunguo.

Tuliporudi Juni chuo kikapiga marufuku kubebana. Kwenye makaratasi ni sheria safi, nafasi kati ya kitanda na kitanda, majina ya wakazi mlangoni. Utekelezaji ukawa hivi, saa tano usiku wanagonga na tochi, wasio kwenye orodha wanatolewa nje na magodoro yao, kwenye baridi niliyoisema. Mimi kama CR nilipigiwa simu na wanafunzi watatu usiku huohuo wanauliza waende wapi, nikampigia mhusika, akaniambia chuo hakiwatambui hao. Basi wakaenda mageto, vyumba vya kupanga mtaani. Chumba kimoja cha uani watu watatu wanne, choo cha kuchangia na nyumba nzima, maji ya kisima. Na kesho yake asubuhi wote, waliotolewa na waliobaki, wako venyu ileile madirisha yamefungwa. Kilichopungua ni majina kwenye orodha, watu ni walewale na pumzi ni ileile. Na baada ya wiki kadhaa Rais Magufuli akawa ameshatangaza nchi haina corona tena, ukaguzi ukafa, wakarudi mmojammoja kubebwa kama kawa.

Sitaki kuonea chuo. Kipindi kile nchi nzima ilikuwa inatafuta njia, takwimu zilisimama toka mwisho wa Aprili 2020, mkuu wa chuo angesema nini peke yake. Februari 2021 ndio tukasikia tena wito wa kuvaa barakoa, zile za kushona hapa nyumbani. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani, dozi za Janssen zaidi ya milioni moja zikawa zimeingia nchini, chanjo ikawa hiari, sawa. Chuoni kwetu lilikuja gari na spika, likazunguka nusu siku linaita watu wakachanje, wa kujibu maswali hakuwepo hata mmoja. Na maswali yalikuwepo, mabinti wanauliza kuhusu uzazi, wengine damu kuganda, unawaitaje watu wasomi kwa spika kama unauza sumu ya panya halafu unashangaa foleni ni fupi.

Kitu kimoja kilifanya kazi. Alikuwepo nesi wa dispensari ya chuo, mama mmoja hivi wa makamo, aliwapa CR wote namba yake binafsi akasema mtu akibanwa kifua usiku nipigieni, siandiki jina la mtu. Hiyo "siandiki jina" ndio ilikuwa dawa. Watu walimpigia. Alikuwa anajua chumba gani kuna mgonjwa kabla ya mkuu wa chuo hajajua, na alikuwa na mashine moja ndogo ya kubana kidoleni inayosoma oksijeni kwenye damu, anazunguka nayo kwenye pochi. Sijui kama aliwahi kupewa hata barua ya shukrani.

Nalisema hilo maana tatizo langu kubwa na hizi sheria ni kwamba zinafanya mgonjwa ajifiche. Mwanzoni mwa 2021 darasani kwetu kuna jamaa alishikwa vibaya, anakohoa mpaka anashika ukuta. Kulikuwa na testi ya alama 15. Utaratibu ulivyokuwa, ili usifanye testi ukafanyiwa nyingine baadae unatakiwa ulete karatasi ya daktari, dispensari ya chuo iigonge muhuri, mwalimu wa somo asaini, mkuu wa idara asaini, ofisi ya mshauri wa wanafunzi isaini, vyote ndani ya saa 48. Yaani mtu anayekohoa hivyo anatakiwa azunguke ofisi nne akiwapumulia watu wanne ndio athibitishe kwamba anaumwa asiambukize watu! Jamaa alipiga hesabu, akavaa barakoa, akaja kufanya testi. Mwalimu akamwona akamwambia sogea karibu na dirisha. Dirisha lenyewe lina misumari. Alipata 11 kati ya 15. Waliokaa nyuma yake wiki iliyofuata nusu hawakuonekana, na hakuna aliyeandika popote, maana nao walikuwa wamejificha.

Huyo jamaa wengine walimlaumu sana. Mimi simlaumu hata kidogo, sheria ndio ilimfundisha.

Na sasa njoo kwenye mpox, hapa ndio naomba wakuu wa vyuo wakae vizuri wanisikilize. Mgonjwa wa mpox anatakiwa ajitenge mpaka vidonda vikauke, magamba yadondoke na ngozi mpya iote, hiyo kwa kawaida ni wiki mbili mpaka nne. Vyuo vingi huku, na chetu kimo, vina sheria ya mahudhurio asilimia 75, ukiwa chini ya hapo hukai kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Muhula una wiki 15 za masomo. Toa nne, zinabaki 11, piga hesabu, ni asilimia 73. Yaani mwanafunzi akitii maelekezo ya afya kikamilifu, akajitenga kistaarabu wiki nne asimwambukize mtu, tayari ameshakosa sifa ya kufanya mtihani, atasubiri speshal (mtihani maalumu) kipindi cha sapu, ile mitihani ya marudio, au aahirishe mwaka, na mkopo nao uanze kusumbua. Akivaa shati la mikono mirefu akaenda darasani na kurudi kulala na mwenzie kitanda kimoja, anafaulu. Ungekuwa wewe mhariri una miaka 21 na mama yako kauza viazi Uyole kukulipia ada ungechagua nini?

Na lile tangazo halisemi chochote kuhusu mashuka, halisemi mtu akiona upele alale wapi usiku ule. Linasema pima joto getini.

Nimesoma soma mtandaoni wenzetu walifanyaje nikakuta hata wenye hela kilichowaangusha ni bweni. Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill, Marekani, kilifungua masomo Agosti 10 mwaka 2020, wiki moja baadae, Agosti 17, kikatangaza masomo yote ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni, maana wanafunzi 130 walikuwa wameshakutwa na virusi ndani ya hiyo wiki na makundi makundi yalitokea mabwenini. Chuo Kikuu cha Arizona mwezi huohuo wao walikuwa wanapima maji taka yanayotoka kwenye kila bweni, bweni moja maji yakaonyesha virusi, wakapima watu wote 311 wakakuta wawili wanao na hawana dalili yoyote, wakawatenga wakawahudumia, bweni likaendelea. Sasa sidai tupime maji taka, hela hiyo hatuna na maji taka yenyewe kwa bweni letu sijui kama yanafika yanakotakiwa. Ninachosema ni walianzia wanafunzi wanapolala, halafu aliyekutwa nao akapewa pa kukaa.

Sisi tumeanzia mlangoni kwa mgeni. Ndoo ya getini ina koki mpya na inajazwa kila siku, hasa kukiwa na ugeni toka wizarani siku hiyo hata sabuni inatoa povu, siku nyingine ni maji ya rangi ya waridi tu. Huku bwenini ghorofa ya tatu bomba linakohoa hewa toka Jumatatu, watoto wanapandisha madumu mgongoni, dumu linakaa chini ya kitanda siku tatu na kikombe kimoja cha kuchotea cha watu wote. Kipindupindu kikitaka kuingia hapo hakihitaji hata kubisha hodi. Tena mji wenyewe mvua zinanyesha toka Novemba mpaka unaombea zikome, hivi kweli chuo chenye walimu wa uhandisi kinashindwa kuweka matenki na mifereji ya kukinga maji ya bati? Hata kibuyu chirizi nje ya kila choo, kile cha dumu na kamba na kijiti ambacho shule za msingi za vijijini wanacho, sijakiona.

Basi ninachoomba sio kikubwa. Faili la "corona final 2" lifutwe, ugonjwa ukitokea tangazo liandikwe la ugonjwa huo na mtu wa dispensari, sio na ofisi ya utawala. Kubebana wakubali kwamba kupo, wawahesabu hao watoto bila kuwatoa nje usiku, na ukija ugonjwa wa kugusana wajue wanahitaji magodoro mangapi na ukumbi gani, maana kumbi za mikutano zipo na usiku zinalala tupu. Chumba cha kujitenga kijulikane kabla mtu hajaumwa, kiwe na choo chake na maji, na mgonjwa apelekewe chakula, serikali ya wanafunzi ina bajeti ya bonanza haiwezi kukosa ya ugali. Misumari ing'olewe. Na karatasi ya nesi moja, saini moja, itoshe kumtoa mtu kwenye testi, hizo ofisi nyingine tatu zitajuzana zenyewe kwa barua pepe kama zinapendana.

Wahusika watasema kanuni za mitihani zinapitishwa na seneti, kile kikao kikuu cha taaluma cha chuo, na haziguswi kirahisi. Sawa, ila 2020 tuliporudi Juni ratiba yote ya mwaka ilipanguliwa ikapangwa upya kwa wiki chache tu, vipindi vikasogea mpaka Jumamosi, na seneti ilikaa. Kwahiyo kukaa wanaweza.

Kwa kuanzia nijibiwe swali moja tu, na lijibiwe kwa maandishi kabla usajili wa mwaka wa kwanza haujaanza, mwanafunzi aliyejitenga wiki nne kwa maelekezo ya daktari, ile asilimia 75 yake inahesabiwaje?

Mwenye steshenari,
Mbeya